Nabii Yeremia na Wafalme Watano wa Yerusalemu

Katika manabii wa Bani Israil waliotumwa na Mwenyezi Mungu kusema na wenye mamlaka, wengi wetu tunawajua Musa mbele ya Firauni na Ilyas mbele ya watu wa Baali. Yeremia tunamtaja mara chache. Jina lake halimo katika Qur'ani, ingawa wanazuoni wetu wa tarikh, akiwemo Ibn Kathir, wamemweleza kwa jina la Armiya. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa ndiye yule aliyepita katika mji uliokuwa magofu, katika kisa cha Surat al-Baqara, ilhali wengine wanasema ni Uzayr. Habari zake nyingi zimo katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo, nasi tunazipokea kama tunavyopokea Israiliyyat: yale yasiyopingana na dini yetu tunayasimulia kwa kupata mazingatio, bila ya kuyasadikisha wala kuyakadhibisha.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Kila tunapozungumza barazani kuhusu viongozi, lawama huwa ni ile ile: kwamba hawana mtu wa kuwaambia ukweli. Maisha ya Yeremia yananifanya niitilie shaka lawama hiyo. Kwa miaka arubaini hivi Yerusalemu ilikuwa na mtu wa kusema ukweli. Mfalme wake wa mwisho alimwita zaidi ya mara moja kumuuliza, akamsikiliza, na nadhani akamwamini. Na mji ukateketea vile vile.

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji kilicho karibu kilomita 5 kutoka Yerusalemu, katika nchi ya kabila la Benyamini. Baba yake, Hilkia, alikuwa wa ukoo wa makuhani. Wito ulimfikia katika mwaka wa 13 wa utawala wa Mfalme Yosia, yaani kiasi cha mwaka 627 kabla ya Nabii Isa (A.S). Alijitetea kwamba yeye bado ni kijana na hajui kusema. Udhuru wake haukukubaliwa. Baadaye aliamrishwa pia asioe wala asizae katika mji ule, kwa kuwa watoto watakaozaliwa humo watakutana na njaa na upanga. Kwa watu wa zama zile, ambao heshima ya mtu ilikuwa kizazi chake, huo ulikuwa mtihani mzito.

Nchi yake, Yuda, ilikuwa ufalme mdogo uliobanwa na wakubwa. Upande mmoja ilikuwako Misri. Upande wa pili ilikuwako Ashuru, ambayo mji wake mkuu, Ninawi, ulianguka mwaka 612, na nafasi yake ikachukuliwa na Babeli. Mfalme wa Yuda alitakiwa aamue kila siku ampe nani ushuru na amwasi nani, na akikosea hesabu, wanaolipa ni watu wake.

Yosia alikuwa mfalme mwema. Alitengeneza hekalu, akavunja masanamu, na mwaka 622 kilipopatikana kitabu cha sheria ndani ya hekalu alirarua nguo zake kwa huzuni na kutaka watu wote wakisikie. Lakini mwaka 609 alitoka kwenda kumzuia Firauni Neko huko Megido, akauawa. Mwanawe Yehoahazi alikaa kwenye kiti kwa miezi mitatu tu. Firauni akamwondoa na kumpeleka Misri, akafia huko. Yeremia aliwaambia watu waache kumlilia aliyekufa, wamlilie anayechukuliwa, kwani hataiona tena nchi aliyozaliwa.

Firauni akamweka mwana mwingine wa Yosia, Yehoyakimu. Huyu ndiye mfalme wa kwanza ambaye Yeremia aligongana naye waziwazi. Nchi ikitozwa kodi nzito ili kumlipa Firauni, mfalme alijijengea jumba la kifahari lenye orofa pana na madirisha makubwa, kuta zimefunikwa mbao za mwerezi na kupakwa rangi nyekundu, na waliojenga hakuwalipa ujira wao. Yeremia alimuuliza kama anadhani ufalme ni kushindana kwa mbao za mwerezi. Akamkumbusha kuwa baba yake naye alikula na kunywa, lakini alimpa maskini haki yake, na kufanya hivyo ndiko kumjua Mungu.

Mwanzoni mwa utawala huo alisimama katika ua wa hekalu na kusema jambo lililowatia watu hasira kuliko yote. Watu wa Yerusalemu waliamini kuwa mji wao hauwezi kutekwa maadamu nyumba ya Mungu imo ndani yake. Yeremia aliwaambia kuwa jengo halitawalinda ikiwa wanamdhulumu mgeni, yatima na mjane, kisha wanaingia humo kujificha. Wakitaka kujua yatakayowafika, waende Shilo wakaone magofu ya nyumba ya ibada iliyokuwa huko zamani.

Makuhani wakamkamata, wakadai auawe. Maafisa wa mfalme waliketi mlangoni mwa hekalu kusikiliza kesi. Yeremia hakuomba radhi. Alisema wamfanye watakavyo, ila wajue kuwa damu isiyo na hatia itabaki juu yao. Wazee wa nchi ndio waliomwokoa: walikumbusha kuwa katika siku za Mfalme Hezekia alikuwako nabii Mika aliyesema maneno kama hayo, na mfalme yule hakumuua, bali alimwogopa Mungu. Mtu mmoja mkubwa, Ahikamu, akamkinga. Nabii mwingine aliyesema kama yeye, Uria, hakupata kinga. Alikimbilia Misri, Yehoyakimu akatuma watu wamrejeshe, akauawa kwa upanga.

Mwaka 605 Babeli iliishinda Misri huko Karkemishi, na Nebukadreza, ambaye tarikh zetu zinamwita Bukhtunnasar, akawa ndiye mwenye nguvu. Mwaka huo Yeremia, ambaye alikuwa amezuiwa kuingia hekaluni, alimwita karani wake Baruku, akamsomea maneno yote aliyopewa tangu wito wake, na Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Mwaka uliofuata, siku ya saumu, Baruku aliyasoma hekaluni mbele ya umati. Maafisa waliposikia waliogopa. Walimwambia Baruku aende akajifiche yeye na Yeremia, nao wakapeleka habari kwa mfalme.

Ilikuwa msimu wa baridi, na mfalme alikuwa ameketi mbele ya seredani la makaa. Kila iliposomwa sehemu ndogo ya gombo aliikata kwa kisu cha karani na kuitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Watu watatu miongoni mwa maafisa walimsihi asilichome. Hakuwasikiliza. Habari ilipomfikia Yeremia huko alikojificha, alichukua gombo jingine akamsomea Baruku maneno yale yale upya, na safari hii yakaongezwa mengine mengi.

Yehoyakimu aliasi Babeli, na kabla adhabu haijafika alikufa. Mwanawe Yehoyakini, kijana wa miaka 18, alitawala miezi mitatu kisha akajisalimisha. Kibao cha udongo cha Wababeli kilichomo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kinaeleza kutekwa kwa mji huo mwaka 597 na kuwekwa mfalme mwingine. Yehoyakini alichukuliwa Babeli pamoja na mama yake, wakuu na mafundi. Huko Babeli kwenyewe vimechimbuliwa vibao vinavyomtaja yeye na wanawe watano katika orodha ya waliopewa mgao wa mafuta.

Mfalme wa tano ndiye anayenishughulisha zaidi. Nebukadreza alimweka Matania, ami yake Yehoyakini, akambadilisha jina akamwita Sedekia, na akamwapisha kwa Mungu kuwa hatamwasi. Sedekia alikuwa na miaka 21. Hakuwa katili kama Yehoyakimu. Hakuchoma gombo lolote. Ubaya wake ulikuwa mwingine.

Miaka michache baadaye wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walifika Yerusalemu, shauri likiwa ni kuiasi Babeli. Yeremia aliwajia akiwa amejivika nira shingoni kama ng'ombe wa kulima, akawaambia wabebe nira ya Babeli wapate kuishi. Nabii mmoja aliyependwa na watu, Hanania, akaishika ile nira akaivunja mbele ya hadhara, akaahidi kuwa katika miaka miwili mateka wote watarudi. Yeremia alisema amina, laiti ingekuwa hivyo. Kisha akaondoka zake. Baadaye alitumwa kurudi na kumwambia Hanania kuwa amevunja nira ya mti na badala yake itakuja ya chuma. Kwa wale waliokwisha kupelekwa Babeli aliandika barua akiwashauri wajenge nyumba, wapande miti, waoze watoto wao na wauombee amani mji wanaokaa, kwa sababu ugeni wao utakuwa mrefu.

Tusidhani alikuwa mtu wa Babeli. Aliipenda nchi yake, na aliilia mpaka watu wakamjua kwa machozi. Lakini aliona kuwa msiba unakuja kwa sababu ya dhuluma yao wenyewe, na kwamba aliyebaki na nafasi ya kuokoa watu asiwatie motoni kwa ajili ya fahari. Maneno hayo yalimletea taabu. Watu wa kijiji chake walipanga kumuua. Kuhani mmoja aliwahi kumpiga na kumtia katika mkatale usiku kucha. Zipo siku alizotamani asingezaliwa, na siku alizoapa kunyamaza, lakini neno lilikuwa kama moto ndani ya mifupa yake, hakuweza kulizuia.

Sedekia hatimaye alivunja kiapo chake akaasi. Mwaka 588 majeshi ya Babeli yakauzunguka mji. Katika hofu ile mfalme na matajiri walifanya agano la kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, kama sheria yao ilivyotaka. Kisha jeshi la Misri likasikika linakuja, Wababeli wakaondoka kwa muda, na mabwana wakawakamata tena wale waliowaacha huru. Yeremia aliwaambia kuwa toba ya namna hiyo itawarudishia adui mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa.

Katika nafasi ile fupi Yeremia alitoka kwenda Benyamini kwa shughuli za urithi. Mlinzi wa lango akamkamata, akamtuhumu kuwa anakwenda kujiunga na adui. Alipigwa, akatiwa katika chumba cha chini ya ardhi, akakaa humo siku nyingi. Ndipo Sedekia alipomtoa kwa siri, akamuuliza faraghani kama liko neno kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Yeremia alimwambia lipo, nalo ni kwamba atatiwa mkononi mwa mfalme wa Babeli. Mfalme hakukasirika. Aliamuru nabii awekwe katika ua wa walinzi na apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mikate iishe mjini.

Akiwa kizuizini katika ua ule, binamu yake Hanameli alimjia amuuzie shamba la Anathothi. Lilikuwa nje ya ukuta, katika nchi iliyojaa askari wa adui. Yeremia, yule yule aliyekuwa akisema mji utaanguka, alilinunua kwa shekeli 17 za fedha, akaandikisha hati mbele ya mashahidi, akatia muhuri, na kumwambia Baruku aziweke hati katika mtungi wa udongo zikae siku nyingi, kwa kuwa iko siku mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo. Sisi wa Pwani, ambao wengi tumezeeka tukisubiri hati za viwanja tulivyozaliwa, tunaweza kufahamu uzito wa mtungi ule.

Maafisa wa mfalme wakamshtaki kuwa anawavunja moyo askari. Inaonyesha lawama hiyo ilikuwa midomoni mwa watu, kwani mwaka 1935 yalichimbuliwa katika magofu ya Lakishi maandishi ya wino juu ya vigae, barua za askari wa siku zile zile, na moja inalalamikia maneno ya namna hiyo kutoka Yerusalemu. Sedekia aliwajibu maafisa kuwa nabii yumo mikononi mwao, na kwamba mfalme hana uwezo wa kuwapinga. Hilo ni jibu la ajabu kutoka kwa mfalme. Wakamteremsha Yeremia kwa kamba ndani ya birika lisilokuwa na maji, lina matope tu, akazama humo aachwe afe kwa njaa.

Aliyemwokoa alikuwa Mwafrika. Ebedmeleki, mtumishi wa nyumba ya mfalme, alitoka Kushi, nchi iliyo kusini ya Misri, upande wa Sudan ya leo. Hakuwa na ukoo mjini wala cheo cha kumlinda. Alikwenda moja kwa moja hadi Lango la Benyamini, mfalme alipokuwa ameketi, akamwambia kuwa maafisa wake wamefanya uovu. Mfalme akampa watu 30. Ebedmeleki akapitia stoo akachukua matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia aziweke kwapani ili kamba zisimchune, wakamvuta polepole mpaka juu.

Baada ya hapo Sedekia alimwita nabii mara ya mwisho, kwa siri tena, katika mlango mmoja wa hekalu. Yeremia alimwambia wazi kuwa akitoka na kujisalimisha ataishi yeye na jamaa zake, na mji hautachomwa. Asipotoka, mji utateketezwa na yeye hataokoka. Mfalme akakiri kuwa anaogopa. Wako watu wake waliokwisha kujisalimisha kwa Wababeli, na alihofu akitiwa mikononi mwao watamfanyia kejeli. Yeremia akamhakikishia kuwa halitakuwa hilo. Mfalme akamwambia asimwambie mtu yeyote waliyozungumza, na akamfundisha la kuwajibu maafisa wakimuuliza. Mazungumzo yakaisha hapo. Hakufanya lolote.

Njaa ilipozidi, ukuta ulibomolewa. Sedekia alikimbia usiku kupitia bustani ya mfalme, akakamatwa katika tambarare za Yeriko, akapelekwa mbele ya Nebukadreza huko Ribla. Wanawe waliuawa akiwatazama, kisha macho yake yakapofuliwa, akafungwa minyororo na kupelekwa Babeli. Mwezi mmoja hivi baadaye hekalu, jumba la mfalme na nyumba za mji zilichomwa moto. Wanahistoria wanautaja mwaka 587 au 586.

Wababeli walimpa Yeremia hiari ya kwenda nao na kutunzwa. Alikataa, akabaki na maskini walioachwa nchini chini ya liwali Gedalia, mwana wa yule Ahikamu aliyemkinga zamani. Gedalia naye akauawa na Myahudi mwenzake. Waliosalia wakamwendea Yeremia, wakaapa kuwa watafuata neno lolote atakaloleta, liwe zuri au baya. Baada ya siku kumi akawaambia wakae nchini. Wakamwita mwongo, wakahamia Misri, wakamchukua yeye na Baruku. Habari zake za mwisho zinatoka huko Misri, bado akiwaonya watu.

Sisi twasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu mwenyewe ndiye hakusikia, na walioumia ni mji mzima. Kila nikiyapitia maisha haya nasimama kwa Sedekia. Alipata ushauri bora kuliko wafalme wengi, na aliupata gizani, mahali ambapo hakuna anayemdai kuutekeleza. Angalia mara moja aliyotenda haki katika siku zile za mwisho: ni pale mtumwa wa Kushi alipomkabili langoni, mbele ya watu.

Najua wanazuoni wametufundisha adabu ya nasaha, na kwamba aghlabu ya faragha ndiyo inayofaa. Adabu hiyo ni ya kuilinda heshima ya mtu. Haikuwekwa ili mkubwa asikie ukweli usiku na asubuhi aendelee kama hakuambiwa kitu, huku aliyemnasihi akijiona ameshatimiza wajibu. Hapa kwetu mwenye kutaka cheo huwaendea masheikh na wazee aombewe dua, na dua huipata. Naomba wale wanaonyanyua mikono kwa ajili yake wamwambie hapo hapo habari ya viwanja na ya ujira wa vibarua, na mambo yasipobadilika waseme tena, safari hii wakiwa langoni.

Ebedmeleki aliahidiwa kuwa hatakufa mji utakapoanguka, kwa sababu alimtegemea Mungu. Katika jumba zima la mfalme, yeye ndiye tunayesoma kuwa alipewa ahadi hiyo. Wabillahi tawfiq.